Upande wa Nyuma wa Shuka

Zuhura mwanangu,

Najua ukifika hapo utacheka. Utasema, ba'mdogo huyu bado anavaa kaptula ya shule, mie mwanawe tangu lini? Lakini kwetu ndivyo ilivyo. Mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu. Baba yako, kaka Rajabu, alipopata kazi ya kulinda msitu kule milima ya Morogoro, alikwenda na mama yako, wewe ukabaki hapa Temeke kwa babu na bibi mpaka upate nguvu za kustahimili baridi. Tangu hapo mimi ndiye niliyekufundisha herufi, nikakubeba mgongoni ulipougua surua, nikakuonyesha namna ya kufunga kamba za viatu kabla hujawahi kuwa na viatu. Nina miaka kumi na sita, wewe una tisa. Ni baba mdogo kweli kweli. Lakini leo naandika kama baba, kwa sababu kosa nililokutendea halikuwa la kitoto.

Sasa ni alasiri. Kesho mchana unapanda treni pamoja na babu. Bibi ameshafunga mzigo wako, ameshakuambia habari za sweta, na za kutokunywa maji ya mtoni, na za kumwamkia kila mtu hata usiyemjua. Hayo sirudii. Nakuona kupitia dirishani. Umekaa juu ya rundo la mbao za babu, umefumba macho, unanusa vipande kimoja baada ya kingine. Mninga. Mvule. Msaji. Mninga tena. Midomo yako inacheza, na kutoka hapa najua hukosei hata kimoja. Babu mwenyewe, seremala aliyezeeka na randa mkononi, hukosea siku nyingine.

Basi sikiliza kilichonifanya nichukue kalamu.

Leo asubuhi, mlipokuwa mnakunywa chai, bibi alimwambia babu, "Ukifika kwa Rajabu mwambie hivi: mtoto huyu asivuke uwanja wa nyumba. Kule kumezungukwa na msitu. Huyu macho yake yana walakini, ukimwonyesha kulia anaona kushoto."

Babu akasema, "Nitamwambia."

Nilikuwa mlangoni na vitabu vyangu. Nilingoja ukatae. Zamani ungekataa, ungepiga mguu chini mpaka vikombe vilie. Lakini uliweka kikombe taratibu ukasema, "Ni kweli, babu. Mie huona kinyume. Umwambie baba, asije akaniamini."

Nilikwenda shule nikakaa siku nzima bila kusikia mwalimu anasema nini. Zuhura, wewe huoni kinyume. Hujapata kuona kinyume hata siku moja. Mimi ndiye niliyekupa jina hilo, na sasa linataka kupanda treni nawe, liende likakae nawe mlimani.

Unakumbuka gari la sinema lilipokuja. Lile gari la kijani la watu wa misitu, lenye mashine nyuma na kipaza sauti juu kama ua kubwa la bati. Babu alitoa miti miwili ya kusimamishia shuka, na alijivuna kwa miti hiyo kana kwamba ndiyo sinema yenyewe. Watu walijaa uwanjani kabla jua halijazama. Bi Tatu, jirani yetu muuza vitumbua, alikuja na kigoda chake akakaa mbele kabisa.

Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuja na gari, kazi yake kueleza picha kwa Kiswahili. Watu walimwita Bwana Msemaji. Siku hiyo Bwana Msemaji alikuwa na mafua, sauti imekwisha, anaongea kama karatasi inayochanika. Akamwomba mwalimu wetu kijana mmoja anayesoma vizuri. Mwalimu akaninyooshea kidole.

Wewe unanijua. Mimi nikitumwa dukani na kukuta watu watatu, nazunguka kwanza mpaka waondoke. Nilitaka kumwambia mwalimu hapana, lakini hata hapana inahitaji sauti. Bwana Msemaji akanipa karatasi mbili zilizopigwa taipu, akaniketisha karibu na mashine. Kisha akanishika bega akaniambia kwa shida, "Kijana, maneno haya yamefunga ndoa na picha. Kila ukimaliza sehemu, inua macho. Usisome karatasi tupu." Baada ya hapo akaenda kujilaza mbele ya gari, akajifunika koti.

Giza likaingia, mashine ikawaka, na msitu ukaja.

Mpaka leo siwezi kuueleza vizuri. Uwanja wetu ni wa mchanga na makuti, kila mtu anaujua. Mara pale katikati pakaota miti mirefu, ya kijivu na fedha, na ukungu ukipita kati yake bila kumlowesha mtu. Upepo uliposukuma shuka, msitu mzima ulivuta pumzi, ukatoka kidogo kutujia, ukarudi. Watoto mliacha hata kukohoa. Nilikuona ukinyanyuka, ukatembea kando ya umati kama mtu aliye usingizini, ukapotea nyuma ya shuka. Ulitaka kujua miti ile ilikuwa imesimama juu ya nini. Ulikaa huko nyuma mpaka mwisho, ukitazama kutoka upande wa pili.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyoinua macho.

Kwa kuwa nilipoanza kusoma, sauti yangu ilitoka kwenye lile ua la bati ikiwa kubwa kama ya mtu mwingine, na vichwa vyote vikageuka. Nilihisi macho ya Temeke nzima yamenikaa shingoni. Nikainamia karatasi kama mtu anayejificha mvua, na sikutoka humo tena.

Nakumbuka maneno yenyewe. Ya kwanza yalisema, "Mtazameni mtoto huyu. Amepoteana na wenzake msituni. Afanyalo si jema, nanyi msilifanye." Ya pili yalisema, "Mtazameni sasa mtoto wa pili. Huyu ana busara. Afanyalo ndilo jema, nanyi mlifanye." Karatasi haikusema wanafanya nini. Hilo iliiachia picha.

Kumbe fundi aliyekuwa akiendesha mashine ya sinema, kwa haraka ya wingu la mvua lililokuwa likija, alitanguliza mkanda wa pili. Nilipokuwa nasema "si jema", kwenye shuka alionekana mtoto aliyetulia chini ya mti, anapiga kelele, anangoja kutafutwa. Na nilipokuwa nasema "ndilo jema", alionekana yule wa kuhangaika, anashuka na korongo, anazidi kwenda mbali na watu wake.

Bi Tatu aliona. Nilimsikia kwa masikio yangu. "Hee! Mbona anayesemwa mkosaji ndo kakaa kitako kama mwali?" Watu wakacheka. Mzee mmoja akamjibu, "Bibi we, serikali imesema. Unabishana na gari?" Wakacheka zaidi. Nilidhani wananicheka mimi, nikasoma kwa nguvu zaidi na kwa haraka zaidi ili niishe.

Ilipokwisha watu walipiga makofi. Fundi akawa anakunja waya, akaniambia bila hata kunitazama, "Kijana, mikanda tuliipindua. Ya nyuma nimeitia mbele."

Nikamuuliza, "Tuwaambie watu?"

"Watu gani? Wanakimbia mvua. Wamefurahi, inatosha."

Nami nikakubali kwamba inatosha.

Ukaja ukanishika mkono. Ulikuwa unameremeta. Njia nzima ulimwambia kila tuliyekutana naye, "Mliisikia ile sauti? Ni ya huyu, ni ba'mdogo wangu." Sijapata kusifiwa hivyo maishani. Tulipofika kwenye mkorosho wa Bi Tatu ukasimama, matone yameanza, ukaniuliza, "Ba'mdogo, kwa hiyo mtu akipotea anafuata korongo? Asikae?"

Hapo ndipo ningekuambia. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini ningekuambia, ungeachia mkono wangu, hivyo ndivyo nilivyofikiri. Nikasema, "Si umesikia mwenyewe?"

"Nimesikia," ukasema. Tukakimbia mvua.

Juma lililofuata babu alinitengenezea meza. Hii ninayoandikia. Mninga mtupu, miguu minne iliyochongwa vizuri, droo yenye kishikio. Kila mteja anayekuja kuagiza kitanda anaambiwa, "Ile meza siiuzi. Ni ya mwanangu aliyeisomea serikali kwenye kipaza sauti." Nimesomea kwenye meza hii kwa miezi mingi, na sijapata kuikalia kwa raha.

Kisha ikaja siku ya Pugu.

Babu alikuwa amepata kibali cha kununua gogo msituni, akakodi lori, na wewe ulilia mpaka ukachukuliwa. Mimi nilipewa kazi ya kukuangalia. Unakumbuka tulivyoingia, namna mwanga ulivyobadilika ukawa wa kijani, kama vile tupo ndani ya chupa. Ulinong'ona, "Ndiyo ule ule. Ba'mdogo, ndiyo ule ule wa kwenye shuka." Uligusa gome la mti wa kwanza kwa vidole viwili, kama mtu anayejaribu kama rangi imekauka.

Babu na wapasuaji mbao walikuwa wanapima gogo, wanabishana kuhusu ufa. Mimi nilikuwa na kitabu mfukoni. Nilisema nitasoma ukurasa mmoja. Nilipomaliza sura, hukuwepo.

Tulikuita. Wapasuaji waligonga msumeno kwa shoka, ukalia msitu mzima. Nilisimama pale pale ulipokuwa umekaa nikakuita mpaka koo likawaka. Sasa sikiliza jambo ambalo hujapata kuambiwa. Babu alikuta kanga yako ndogo imenasa kwenye mwiba, hatua chache tu kutoka kwenye lori. Ulipogundua kwamba umepotea ulikuwa karibu kiasi cha kusikia tunavyoongea, kama ungetulia. Lakini hukutulia. Ulitafuta korongo, ukalipata, ukalifuata, kwa sababu wewe ni mtoto anayekumbuka alichofundishwa. Kila hatua ilikupeleka mbali nasi. Kule chini ndiko kisiki kilikochoma mguu wako, na ndiko walikokukuta akina mama waliokuwa wakitoka kulima mihogo, jua likielekea kuzama. Babu alipokupokea mikononi mwao alikukumbatia kama mtu aliyerudishiwa roho yake. Sijapata kumwona vile kabla wala baada.

Nyumbani bibi alikuosha mguu kwa maji ya chumvi, akiwa analia na kugomba kwa wakati mmoja. "Mbona hukukaa mahali pamoja? Nani alikufundisha kutembea tembea?"

Ukasema, "Ba'mdogo. Kwenye sinema. Alisema aliyeshuka korongo ndiye aliyefanya vema."

Wote wakanigeukia. Babu alikuwa amesimama kando ya meza hii, mkono wake juu yake.

Nilisema, "Mimi nilisoma kama ilivyoandikwa." Hilo lilikuwa kweli, na nilidhani litatosha. Lakini babu aliendelea kunitazama. Basi nikaongeza. Zuhura, neno hili lilitoka kinywani mwangu kwa urahisi kama jibu la hesabu. Nilisema, "Yeye alikaa nyuma ya shuka. Huko nyuma mambo huonekana kinyume."

Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa nimesoma habari za vioo na picha, nikajua litasikika kama elimu. Na lilisikika. Babu akatikisa kichwa polepole kukubali. Bibi akasema, "Ahaa! Ndiyo maana." Wakaridhika. Wewe ulinitazama ukiwa umefungwa mguu. Nikaona unafikiri. Ukaamini. Wewe ndiye uliyeniamini kuliko wote.

Baada ya hapo sikuhitaji kufanya lolote, jina lilikwenda lenyewe. Watoto wa mtaani wakaanza, "Kinyume! Wee Kinyume, nyumba yenu iko upande gani?" Bi Tatu peke yake hakuliita. Alikupa kitumbua siku moja akasema, "Mie nilikaa mbele, na nikaona hivyo hivyo alivyoona huyu." Wakamwambia uzee umempiga macho, akageukia vitumbua vyake. Nilikuwa nimesimama pale pale, nanunua vya shilingi nzima, nikajifanya nahesabu vitumbua.

Na wewe ukabadilika. Bibi akikutuma chumvi unauliza, "Chumvi? Umesema chumvi?" Ukifika mlangoni unarudi kuuliza tena. Ukisoma nami, unasoma neno sawasawa kisha unanitazama usoni kuona kama ni lenyewe. Siku moja uliniambia ndoto yako. Upo nyuma ya shuka, msitu uko mbele yako, sisi tuko upande wa pili, unatusikia tunacheka, unaita, na hakuna anayesikia kwa sababu sauti yako nayo inatoka kinyume. Ulinisimulia ndoto hiyo huku unakata kucha, kama habari ya kawaida. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa kwenye maranda ya mbao mpaka bibi aliponiita.

Majuma mawili yaliyopita nilisikia shuleni kwamba gari lile linaonyesha sinema Kinondoni. Nikamwambia bibi nakwenda kuazima kitabu. Huo nao ulikuwa uongo, na kwa kuwa naviandika vyote, nauandika nao. Nilitembea mpaka Kinondoni kwa miguu. Nilikuta watu wamejaa, shuka limesimamishwa, Bwana Msemaji amepona, sauti yake nzito na tamu kama ya mtu anayewasimulia wajukuu. Sikukaa mbele. Nilipita kando ya umati, nikaenda nyuma, mahali ulipokaa wewe.

Nikaona ulichokiona.

Ni kuzuri huko nyuma, Zuhura. Hukuniambia. Hakuna vichwa vya watu. Mwanga unakuja moja kwa moja kupitia kitambaa, miti inakuwa laini zaidi, kama inakumbukwa tu, na nyasi za uwanjani zinawaka kidogo miguuni pako kana kwamba msitu umemwagika. Kulikuwa na watoto watatu wamejilaza chali, hakuna anayeongea. Kila kilicho kulia kilikuwa kushoto, hilo ni kweli. Mto ulikwenda upande mwingine. Mtu alishika panga kwa mkono wa kushoto.

Kisha wakaja wale watoto wawili. Wa kwanza alihangaika, akashuka na korongo, akapotea zaidi. Wa pili alikaa chini ya mti akaita mpaka wakamjia. Na nyuma ya shuka, Zuhura, aliyehangaika alikuwa amehangaika, na aliyetulia alikuwa ametulia. Upande hauwezi kubadili hilo. Nililijua tangu siku niliyosema uongo wangu. Lakini kulijua ni jambo moja, na kukaa kwenye nyasi zako na kuliona ni jambo jingine. Nililia pale, na nilishukuru kwamba watoto wale hawakuwa na haja na mimi.

Sinema ilipokwisha nilimfuata Bwana Msemaji nikamweleza yote, tangu karatasi mpaka kisiki. Nilitazamia anikemee. Aliendelea kukunja shuka, mimi nikishika pembe mbili, tukikutana katikati kama watu wanaoanua nguo. Akauliza, "Wangapi waliamini yale maneno yako?"

"Sijui, bwana. Najua mmoja."

"Huyo mmoja umeshamwambia?"

Nikasema bado.

"Mie nitakwenda Temeke tena na mikanda iliyonyooka. Hao wengine niachie. Huyo mmoja siwezi kukufanyia." Akanipokonya pembe za shuka, akamaliza kulikunja peke yake.

Hayo yalikuwa majuma mawili yaliyopita, na bado sikukuambia. Kila siku nilipata sababu. Mara una homa, mara bibi yupo, mara nina mtihani. Nimegundua kwamba mtu mwenye woga hakosi kazi ya kufanya. Mpaka leo asubuhi uliposema, "Asije akaniamini."

Sasa nataka kukuambia mambo machache ya huko uendako, na ninayajua kwa gharama ya mguu wako.

Msitu wa Morogoro hautakuwa wa fedha. Utalowesha miguu, utakuwa na baridi na siafu. Lakini kuna siku, asubuhi, ukungu ukipita, utausikia ukivuta pumzi kama ule wa kwenye shuka, nawe utasimama. Simama. Usikubali mtu akufungie uwanjani. Nenda na baba yako, mwache akufundishe majina ya miti, umfundishe harufu zake. Ukipotea, na hata baba yako hupotea, kaa. Chagua mti mmoja uukumbatie kama ndugu, uite, unyamaze usikilize, uite tena. Usiliamini korongo hata likionekana kama njia. Hayo ndiyo aliyofanya mtoto mwenye busara. Uliyaona kwa macho yako, na macho yako yalikuwa sawasawa. Kilichopindika kilikuwa sauti yangu.

Na itatokea tena kwamba sauti kubwa itasema hivi, na macho yako yaone vile. Pengine sauti hiyo itakuwa na karatasi yenye taipu. Pengine itakuwa ya mtu unayempenda, amekushika mkono kwenye mvua. Sikuambii umdharau. Mwulize, kama ulivyoniuliza kwenye mkorosho. Ulikuwa umeshasikia kwamba kuna kitu hakikai vizuri. Swali lako lilikuwa zuri, ila ulimwuliza mtu aliyekuwa anaogopa.

Chumvi ni chumvi, Zuhura. Ukisikia mara moja, umesikia. Nenda.

Jua limeshuka, na mbao za babu zimekuwa nyekundu. Umeshatoka kwenye rundo, nasikia unamwuliza bibi kama amesema ulete maji. Amesema, ndiyo. Ulisikia vizuri.

Nilifikiri kukutilia barua hii ndani ya mzigo, katikati ya sweta na kitabu cha hesabu, uisome huko mbali ambako sitaona uso wako. Nilikuwa nimeshaikunja. Lakini hiyo ingekuwa kuinamia karatasi tena. Tena babu angefika kwa kaka Rajabu kabla hujaifungua, na angekuwa ameshasema maneno ya bibi.

Kwa hiyo nitafanya hivi. Kesho asubuhi, chai ikishamiminwa, nitawaomba babu na bibi wakae, na nitamtuma mtu amwite Bi Tatu. Wewe utakaa karibu nami. Nitaileta meza hii uani, niiweke mbele ya babu aliyeitengeneza, na nitasoma barua yote kwa sauti, tangu kaptula mpaka hapa. Najua babu atautoa mkono wake juu ya meza, na nitauona ukitoka. Pengine ataiuza kwa mteja wa kwanza. Itakuwa haki yake. Lakini atapanda treni akiwa na maneno mengine ya kumpelekea mwanawe.

Sauti yangu itatetemeka, na hakuna kipaza sauti cha kunisaidia. Safari hii nitafanya kama nilivyoambiwa na yule mwenye mafua. Kila nikimaliza ukurasa, nitainua macho nikutazame.

Baba yako mdogo,
Saidi